Marcelline Akataa Kunenepeshwa

Kila Alhamisi, akitoka shamba, Marcelline alipanda kilima cha nyuma ya kapela na kutangaza alichokula. Si kwamba alitaka kutangaza. Kijijini kwao, Miti, simu ilishika vizuri pale juu tu, na hata pale ilishika kwa kusuasua, kwa hiyo ilibidi apaze sauti, na upepo uliyachukua maneno yake ukayamwaga kwenye mashamba ya watu.

"Maharagi! Niko nasema maharagi! Na majani ya lengalenga! Na bugali kidogo, sawa ngumi!"

Waliokuwa wakipalilia mihogo chini walishika viuno wakacheka. "Leo mama amekula ngumi," wakaambiana.

Upande wa pili wa simu alikuwa Rahima, muuguzi wa mradi mmoja wa mjini Bukavu. Marcelline hakuwahi kumwona. Alimjua kwa sauti: sauti nzito, ya polepole, yenye Kiswahili kilichonyooka cha watu wa Uvira, wale ambao mababu zao walifuata biashara kutoka pwani. Rahima hakugomba. Aliuliza, akanyamaza, akangoja jibu kana kwamba siku nzima ilikuwa yake. Na mwisho wa kila mazungumzo aliuliza neno lile lile.

"Na moyo, Mama Carine? Moyo umekula nini wiki hii?"

Hapo Marcelline alishusha sauti, akageukia mlima ili wapalilia mihogo wasisikie.

Zamani Marcelline alikuwa mwanamke mnene kuliko wote kati ya Miti na Kavumu. Akipita njiani, watu walimpisha. Mumewe Stanislas, fundi wa milango na vitanda, alijivunia mwili ule kuliko kitanda chochote alichokitengeneza. "Mutazame bibi yangu," aliwaambia wanaume wenzake kwenye pombe ya ndizi, "mutajua kama kwangu bugali haikosake." Halafu kidonda kikatokea chini ya unyayo wa Marcelline, kidonda kidogo kama punje ya maharagi, kikakataa kupona. Kikawa kama yai. Kikaanza kunuka. Hospitalini mjini wakapima damu, wakakuta sukari imejaa, na daktari hakuzungusha maneno: ama unene uende, ama mguu uende.

Marcelline alikuwa na shangazi aliyekatwa mguu. Alimkumbuka akijiburuta uani kwa matako, kisha akazikwa kabla ya mvua iliyofuata. Akachagua.

Kupungua kulimchukua mwaka mzima na zaidi. Aliacha soda, akaacha pombe ya ndizi, akaacha kumwaga mawese sufuriani kama mtu anayezima moto. Shamba la karibu akampa jirani alime, yeye akachukua lile la mbali, kule bondeni, ili miguu ipate kazi. Kidonda kikafunga. Kitenge kilichokuwa kikimtosha kwa shida kikaanza kumzunguka mara mbili.

Watu wengi hudhani hapo ndipo hadithi inapoishia. Marcelline naye alidhani hivyo. Lakini kupungua ni kilima, na kilima kina kilele. Kubaki pale ulipofika hakuna kilele. Mwili unakumbuka unene wake kama mbuzi anavyokumbuka shamba la jirani: geuka kidogo tu, umeshaingia. Ndiyo sababu mradi ule wa wagonjwa wa sukari ukawapa watu wa vijijini mtu wa kuwapigia simu. Mjini mtu anaweza kurudi hospitalini akapimwa, akatiwa moyo. Kijijini anarudi kwa nani?

Miti haikuwa na mizani ya kumpima mtu mzima, ila ile bascule ya Honoré, mnunuzi wa maharagi. Basi Marcelline alikuwa akiingia kwenye depo, anangoja gunia lishushwe, anapanda yeye. Wabeba mizigo walipiga makofi. "Honoré, hii gunia unainunua bei gani?" Marcelline alisoma namba, akashuka, akawaambia, "Gunia iyi haiuzwe," akaenda zake.

Kicheko aliweza kukivumilia. Kilichomuuma ni minong'ono. Kwao, mtu haondoi unene kwa hiari yake. Unene huondolewa na kitu. Wengine walisema ni ule ugonjwa usiotajwa jina. Wengine walisema yule anayempigia Alhamisi ni mwanaume wa Bukavu, ndiyo maana anapanda kilimani peke yake. Na kule kwenye pombe, wanaume walimuuliza Stanislas kama siku hizi wanakula mbao.

Stanislas hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuona haya. Jioni moja aliweka randa chini, akasema bila kumtazama, "Maman Carine, kidonda ilishapona. Sasa ju ya nini haurudie mwili yako?"

"Mwili yangu njo hii."

"Batu banasema sikulishe."

"Na mi nikikatwa muguu, hao batu batanibeba kwa mugongo?"

Stanislas akachukua tena randa. Usiku ule na siku zilizofuata walisemezana mambo ya kuku na ya mvua tu.

Mambo yakaiva pale Carine, binti yao mkubwa, alipochumbiwa. Familia ya kijana ilikuwa ya upande wa Kabare, watu wenye ng'ombe na wenye macho. Siku ya mahari ikapangwa. Na kabla ya siku hiyo kufika, akafika Mapendo.

Mapendo alikuwa dada mkubwa wa Stanislas, ameolewa Kavumu, mwanamke wa kuingia nyumbani mwa mtu na kuanza kupanga viti. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, na kidumu cha mawese, mfuko wa sukari, unga wa muhogo na maziwa ya kopo. Akavipanga mezani kama dawa.

"Wifi," akasema, "nimekuja kukunenepesha."

Marcelline alidhani ni mzaha, akacheka. Mapendo hakucheka.

"Bakwe bakikuona vile, batasema mama iko na ugonjwa. Na kama mama iko nayo, batasema mutoto iko nayo. Batarudisha ng'ombe yao. Unataka Carine azeekee hapa ju ya kiburi yako?"

"Si kiburi. Ni sukari ya damu. Muganga alisema..."

"Muganga! Yule wa ku simu? Ulishamuona na macho?"

Marcelline hakuwa amemwona.

Tangu siku hiyo sufuria ikawa ya Mapendo. Asubuhi alipika uji mzito wa maziwa, mchana maandazi, jioni bugali inayong'aa mafuta. Marcelline alipika sufuria yake ndogo pembeni, kwenye mafiga mengine, akala peke yake kama mgeni nyumbani mwake. Na hilo bado angeweza kulivumilia. Lakini siku moja Carine alikuja akakaa karibu naye, akashika mkono wake, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, kula tu. Mupaka siku ya mahari ipite. Kisha utapunguza tena. Fanya ju yangu."

Hilo ndilo lililomvunja. Mchana ule, Mapendo akiwa amelala, Marcelline alikaa mbele ya bakuli la maandazi akala moja, akala lingine, akala bila njaa na bila utamu, mpaka vidole vikagusa bakuli tupu. Kisha akajifuta mafuta mdomoni kwa kitenge na kuona aibu kama aliyeiba.

Alhamisi alimweleza Rahima yote. Alisema haraka, apate kumaliza.

"Yalikuwa matamu?" Rahima akauliza.

"Hapana."

"Basi hata hukuyala wewe. Yaliliwa na maneno ya watu." Akavuta pumzi. "Nisikilize, Mama Carine. Nguo ikiingia doa moja, huichomi moto. Unaifua, unaivaa. Jioni hii pika sufuria yako. Na Alhamisi ijayo nitakupigia."

Alhamisi iliyofuata Marcelline alikaa kilimani mpaka jua likaanza kupungua. Simu haikulia. Wiki nyingine ikalia, lakini ilikuwa sauti ya kijana asiyemjua, ikisoma kitu: mradi umefikia mwisho, tunawashukuru kwa ushirikiano wenu, muendelee kula vizuri. Marcelline akauliza Rahima yuko wapi. Kijana akasoma upya yale yale, akakata.

Alishuka kilima kwa hasira iliyompasha masikio. Mapendo alikuwa mlangoni. Habari ilikuwa imeshamfikia, kwa kuwa mtu akipiga kelele kilimani kijiji kizima kinajibu.

"Si nilikuambia?" Mapendo akasema. "Batu ya simu njo vile. Sasa kuja ukule."

"Kesho naenda Bukavu," Marcelline akajibu.

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani, juu ya zogo la soko la Nyawera. Marcelline alipanda ngazi bila kupumzika, jambo ambalo zamani lisingewezekana, na akasimama mbele ya meza ya mkubwa wa pale, bwana Didier, kijana mwenye shati safi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Kuta zilikuwa zimeshatolewa picha. Maboksi yalikuwa yamefungwa kwa kamba.

"Maman, mradi umefungwa," Didier akasema kwa upole. "Waliokuwa wanatusaidia wamekata msaada. Na hata matokeo yenyewe... Mjini yalikuwa mazuri. Vijijini, watu wengi wamerudisha kilo zao. Ripoti inasema kule hawawezi kushika. Mazingira ni magumu."

Lile neno, hawawezi, lilimchoma Marcelline kuliko minong'ono yote ya Miti.

"Papa Didier, we ulishafika Miti?"

"Nilipitaga mara mingi, kuendaka ku aeroport."

"Kupita si kufika." Akaegemeza mikono mezani. "Kule tuko na mukwe, na wifi, na bwana, na kijiji muzima, bote banavuta kwa chini. Mi niko navuta kwa juu peke yangu, na kitu yenye ilikuwa inanishika mukono ni ile simu. Sasa munakata simu, halafu munaandika kama sisi njo tumeshindwa? Andika kwa ripoti yako: Marcelline wa Miti hajarudisha."

"Ripoti ilishaenda, maman."

"Basi itume ingine."

Didier alipoulizwa Rahima anapatikana wapi alisema kanuni hazimruhusu kutoa namba ya mfanyakazi. Marcelline hakumbembeleza. Alikumbuka kwamba Rahima aliwahi kumtaja kaka yake Latifu, muuza vitenge hapo hapo Nyawera. Akashuka, akaingia sokoni, akauliza kwa Latifu wa vitenge mpaka akaonyeshwa.

Kibandani hakumkuta mwanaume. Alimkuta mama mmoja amekaa kati ya marundo ya vitambaa, ushungi wa kijani kichwani, mnene sana, mnene wa kujaza benchi zima na kubakia. Marcelline akamsalimu, akaanza kuuliza.

"Karibu, mama," yule akasema. "Unatafuta cha rangi gani?"

Sauti ilikuwa ile. Nzito, ya polepole.

"Rahima?"

Yule mama akamtazama muda mrefu, kisha macho yake yakateremka mpaka miguuni pa mgeni, kwenye viatu vilivyofungwa vizuri kama alivyomsisitizia kwa simu, akajua. "Mama Carine," akasema. Hakuinuka. Alivuta ushungi ukafunika kifua, kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Kumbe..." Marcelline akaanza. "Kumbe ulikuwa unanifundisha nini?"

"Sikukufundisha. Nilikuuliza tu." Rahima akasogeza marundo, akampa nafasi ya kukaa. Marcelline akabaki wima. "Mimi nimepungua mara mbili, Mama Carine. Mara ya kwanza dada zangu wa Uvira walilia kama nimekufa. Kwetu mwanamke akikonda ni aibu ya baba yake. Wakanilisha mpaka nikarudi. Mara ya pili nilipungua tena, na nilikuwa nimekaza kweli, ndipo mume wangu Nasoro akafariki. Nikala msiba wote. Hakuna aliyenipigia simu. Ndiyo maana kazi hii ilipotokea niliikimbilia. Nilijua mahali pa kuuliza."

"Ndiyo maana ulikuwa unauliza moyo."

"Ndiyo maana."

Sokoni mtu alikuwa anapigia debe samaki wadogo wa ziwani, sambaza wabichi. Marcelline alitaka kukasirika, na kwa kitambo alikasirika kweli: safari yote ile, kumbe mshikaji mkono naye yuko shimoni. Kisha akakumbuka maandazi, na yale maneno: hata hukuyala wewe. Maneno yale yasingetoka kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya bakuli tupu. Akakaa.

"Alhamisi utanipigia," akasema.

"Mradi umefungwa, mama. Sina ofisi, sina simu ya kazi..."

"Ile ingine mukononi ni nini? Ni sabuni?"

Rahima akatazama simu yake ndogo, akacheka bila kutaka, mwili mzima ukatikisika.

"Utanipigia," Marcelline akarudia, "na nikimaliza kusema kile nilikula, utasema kile ulikula weye. Na mi nitakuuliza moyo. Banaandika kama sisi hatuwezi. Tutaona."

Siku ya mahari ikafika na jua kali baada ya mvua. Turubai lilifungwa uani, viti viliazimwa kapelani. Wakwe wakaja na ng'ombe wao na shangazi yao mmoja mrefu, mwenye miwani, aliyekagua kila kitu kuanzia paa mpaka kucha za Carine. Marcelline alikuwa amevaa kitenge kipya cha kibanda cha Latifu, kimeshonwa kwa mwili aliokuwa nao, si kwa ule wa zamani. Mapendo alikuwa amemshauri avae vitenge vitatu chini yake ajazie. Alikataa.

Aliona shangazi wa miwani akimwinamia mwenzake. Hakusikia maneno, ila aliona macho yanatoka kwake yanakwenda kwa Carine, yanarudi. Carine naye aliona. Stanislas aliona, akaanza kufuta jasho.

Ndipo Mapendo akaja na sahani. Ilikuwa desturi ya ukoo wao, au angalau Mapendo alisema ni desturi, kwamba mama wa binti ale mbele ya wakwe ili waone nyumba ya mtoto wao haina njaa. Bugali ilikuwa kilima, na nyama ya mbuzi ilielea kwenye mawese. Mapendo aliiweka mapajani pa Marcelline, akapaza sauti kwa furaha ya bandia:

"Mama wa bibi harusi anakula!"

Watu wote wakageuka kumtazama. Marcelline akamtazama bintiye, na binti akamwomba kwa macho: kula, mama. Akamtazama mumewe, mumewe akatazama chini. Harufu ya nyama ilikuwa nzuri. Angeweza kuila yote. Mwili wake wa zamani ulikuwa umekaa ndani yake umeshakunja mikono ya nguo.

Akainuka, akaiweka sahani kwenye kiti. Akainama akavua kiatu cha kulia.

"Wifi, unafanya nini?" Mapendo akanong'ona.

Marcelline alishika nguzo ya turubai, akainua mguu, akawageuzia wakwe unyayo. Kovu lilikuwa pale, jeupe, la mduara, limekunjamana kama ngozi ya maziwa.

"Bakwe bangu, karibuni," akasema, na sauti yake, iliyozoea kupigana na upepo, ilijaza ua wote. "Naona munajiuliza ju ya nini mama amekonda. Muniulize miye, musiulizane. Hapa palikuwa tundu. Kidole yangu ilikuwa inaingia. Sukari ilikuwa inanila nikiwa munene, nikiwa muzuri, batu bakinipisha njiani. Shangazi yangu ilimukula muguu, kisha ikamukula yeye muzima. Miye nilikataa. Nilitoa unene kwa mukono yangu mwenyewe, hakuna ugonjwa iliutoa, na hakuna mutu ataurudisha, ata kama ni kwa sahani ya heshima."

"Maman Carine, inatosha," Stanislas akasema kwa sauti ndogo.

"Haijatosha. Mutoto yangu iko muzima. Kama munataka mukwe mwenye mama munene, ng'ombe yenu inajua njia. Kama munataka mama yenye itakuja kubeba bajukuu zenu na miguu yake mbili, miye niko hapa. Nimemaliza."

Akavaa kiatu. Kamba hakuifunga.

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi wa miwani alisema, si kwa sauti ndogo sana, "Mugonjwa njo anasemaka mingi." Carine aliingia ndani akilia, na kilio kile kilikuwa cha hasira. Kwa kitambo ilionekana kweli ng'ombe watarudi Kabare.

Aliyeinuka alikuwa Stanislas. Alitembea kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake, akafika kwenye kile kiti, akaichukua sahani. Akakata bugali kwa vidole, akachovya, akala mbele ya wote, akameza kwa shida. "Desturi imefanyika," akasema. "Nyumba yangu haina njaa. Bibi yangu amesema kweli, miye njo nilikuwa nasafisha kile kidonda." Kisha akaipeleka sahani kwa baba wa kijana, wakaanza kula pamoja, kwa sababu baba yule alikuwa ametoka mbali na nyama ilikuwa inapoa.

Ng'ombe wakabaki. Carine akaolewa. Lakini kwa mama yake hakusema neno zaidi ya salamu kwa kipindi kirefu. Alisema mama alivua kiatu mbele ya watu, siku iliyokuwa ya binti. Marcelline hakumwomba radhi. Alimpelekea maharagi mabichi, akarudi, akapeleka tena, mpaka siku moja Carine akamwambia akae wayachambue pamoja.

Rahima alipiga Alhamisi, na Alhamisi zilizofuata, ila wakati mmoja fujo zilipozuka mjini na simu zikafa kabisa, na hata hapo Marcelline alipanda kilimani akajisemea peke yake alichokula, maana alikuwa amejiapia kutoacha. Rahima naye alianza kutembea kwa miguu kutoka kwake Bagira kwenda sokoni asubuhi, sehemu ya njia, kisha sehemu ndefu zaidi. Alipungua kidogo, akarudi, akapungua. Wanawake wawili wa Miti wenye sukari walianza kumfuata Marcelline kilimani, mwanzo kwa kusikiliza tu. Wapalilia mihogo wakapata ya kucheka zaidi.

Kisha, mvua kubwa zilipokuja, kaka yake Marcelline, Raphaël, akafa ghafla huko Kavumu. Matanga yalifanyika karibu na kwa Mapendo, na Marcelline akalala kwake siku zote za msiba. Kule kulikuwa na kulia na kula, kulia na kula, na hakuna kilima. Alikula bila kuhesabu. Siku ya kuanua matanga, alipofunga kitenge, fundo halikufika mahali pake.

Mapendo aliliona kabla hajalificha. Alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulijaa kitu kilichofanana na huruma.

"Karibu tena, wifi," akasema. "Si nilikuambia? Mwili inajua kwao. Zile zote ulisemaka mbele ya bakwe, ziko wapi?"

Marcelline akafungua kitenge, akakifunga upya, fundo likiwa pale pale lilipokubali.

"Nilisema sirudi kule," akajibu. "Sikusema sitateleza. Mutu yenye anateleza iko bado kwa njia."

"Ngoja basi nikuitie moto. Mvua inakuja."

Mwenye pikipiki alikuwa ameshawasha, anangoja abiria wa kubeba. Marcelline alimpungia mkono aende zake. Akaweka mzigo wake mdogo kichwani, akaingia kwenye barabara ya Miti, mvua ikiwa tayari imeshafunika mlima, akaanza kutembea.